Mkungu usiozaa ndizi: kwa nini mti huu wa pwani unageuka mwekundu Moshi?

Hapa Moshi ukitamka "mkungu", mtu anageuka kutafuta ndizi. Wa kwangu, uani Pasua, ni mkungu mwingine: ule wa pwani unaozaa makungu, ambayo watoto wa Tanga na Unguja huyapasua kwa mawe ili wale kiini. (Wala si kungumanga ya kwenye pilau, huo ni mti mwingine kabisa.) Kila kiangazi mama jirani huutazama juu ya ukuta akisikitika. Safari hii akaniuliza, "Mwanangu, mti wako umepatwa na nini? Umeungua?"

Haujaungua, mama. Ukame ukikaza, mkungu hujiandaa kupukutisha majani ili usipoteze maji, na kabla ya kuyaachia huyafyonza kwanza. Naitrojeni na virutubisho vingine vinarudishwa matawini. Klorofili, ile inayolipa jani ukijani, inavunjika, na jani linatengeneza rangi nyekundu iitwayo anthosianini. Ndiyo maana kwa siku kadhaa mti mzima unawaka kama makaa, ilhali miembe iliyo pembeni yake imebaki kijani vilevile. Muda si mrefu baada ya kupukutika, machipukizi yanajaa tena. Mahali penye viangazi viwili, mkungu unaweza kufanya hivyo mara mbili kwa mwaka.

Kuutambua hakuhitaji utaalamu. Simama mbali uangalie umbo: matawi yamekaa ghorofa kwa ghorofa, kila ghorofa imelala sawasawa kama sahani, na kati ya moja na nyingine unaona anga. Shina hurefuka kwa vipindi, na kila kipindi huacha duara moja la matawi. Tawi nalo lina tabia yake. Ncha yake hukunjika kuelekea juu na kuishia kwenye shada la majani, kisha chipukizi jipya hutokea chini ya shada hilo na kuendelea kwenda mbele kwa ulalo. Jina lake la kisayansi, Terminalia catappa, linasema hilohilo: neno la Kilatini "terminus" ni mwisho, kwa kuwa majani yamejikusanya mwisho wa vitawi. Jani lenyewe ni kubwa kuliko kiganja, mara nyingi sentimita 15 hadi 25, limepanuka kuelekea nchani na kubanwa kwenye kikonyo, mfano wa mwiko.

Wengi huuchanganya na ndugu yake kutoka Madagaska, Terminalia mantaly, ule mti wenye umbo la mwavuli uliopandwa sana mijini kwetu. Nao una ghorofa, ila majani yake ni madogo, hata kidole kinayazidi urefu.

Tunda ndilo lililoufanya mkungu kuwa mti wa ufukweni. Ganda lake la nyuzi lina hewa ndani, kwa hiyo linaelea. Huchukuliwa na mawimbi hadi ufuko mwingine na bado huota. Popo nao hulibeba usiku na kuliangusha mbali. La kwangu lilipanda basi kutoka Tanga.

Je, unakubali huku bara? Moshi, kwenye mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, kuna joto la kutosha, ingawa Juni na Julai wangu hauongezi hata jani. Arusha mjini ni kama mita 1,400, na baridi yake siyo ya mti huu. Mtu wa Njiro au Sakina ningemshauri apande mantaly, unaostawi vizuri hata Nairobi.

Ukitaka kupanda, chukua makungu mabivu yaliyoanguka karibuni, maana mbegu iliyokaa sana hupoteza uhai. Loweka usiku mmoja, zika kwa ulalo kwenye kiriba chenye udongo unaopitisha maji, mwagilia, kisha vumilia: itachukua wiki tatu hadi sita, pengine zaidi. Mche ukifika magotini, uhamishie shambani masika yanapoanza, mahali penye jua la kutwa. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuupanda karibu na ukuta kwa tamaa ya kivuli. Mti huu hupita mita 20 kwa urefu, mizizi yake huinua sakafu, na majani yake huziba mifereji ya paa. Mita kumi kutoka nyumbani si nyingi.

Jumamosi nilimpasulia mama jirani kungu moja juu ya jiwe la kufulia. Kiini chake ni chembamba, cheupe, na ukikichambua kwa kucha unakuta majani mawili ya kwanza ya mche yamejiviringa humo kama mkeka. Akakitafuna polepole, akasema kinafanana na karanga mbichi. Kisha akaomba mche, na tukaenda pamoja kupima hatua kutoka bafuni kwake.