Betri Mpya Haifufui Peugeot 404

"Weka betri mpya, mwaga lita tano za petroli, piga stata." Ushauri huu nimeusikia tena juzi, safari hii kutoka kwa mtu anayelipenda gari lake kweli, na nimeona bora niandike kuliko kuendelea kurudia maneno yale yale kwenye simu. Gari lenyewe ni Peugeot 404 ya marehemu baba yake, imelala bandani tangu miaka ya themanini. Betri waliijaribu, stata ikagoma. Sasa walikuwa wameshaazima trekta ya jirani: kamba mbele, gia ya tatu, achia klachi, itanguruma tu. Nashukuru walipiga simu kwanza.

Imani hii najua inatoka wapi. 404 ilitoka mwaka 1960, na kabla muongo haujaisha ilikuwa imeshinda mbio za East African Safari mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mara mbili za katikati usukani ulikuwa kwa Bert Shankland wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell. Watu walioiona ikitoka kwenye tope huku magari mengine yamezama waliwasimulia watoto wao, na watoto wakakua wakiamini kwamba chuma kile hakifi. Sikatai. Lakini ugumu wa 404 ni ugumu wa gari linalotembea, linalozungusha oili kila siku, linalochoma petroli mbichi, linalopata moto wa kufukuza unyevu. Gari lililolala zaidi ya miaka thelathini limekosa yote hayo.

Hebu tuingie ndani ya injini, maana hapa ndipo watu wananichosha. Injini ya silinda nne ikizimwa, karibu popote itakaposimama, silinda moja itakuwa inavuta, moja inabana, moja imetoka kuchoma na moja inatoa moshi. Kwa hiyo mbili zimefungwa valvu zote, na mbili zina mlango wazi: moja kuelekea kwenye kabureta, nyingine kuelekea kwenye ekzosi. Zile mbili zilizo wazi hupumua hewa ya nje miaka yote hiyo, usiku na mchana, masika na kiangazi. Ukifungua injini iliyolala muda mrefu, mara nyingi utakuta silinda mbili zinang'aa vizuri na mbili zina mkanda wa kutu pale ringi, zile pete zinazoivaa pistoni, ziliposimama. Watu husema gari "limekufa" au "halijakufa" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe hali ya silinda ya kwanza haikuambii chochote kuhusu ya tatu. Gari lililolala Dodoma na lililolala Tanga karibu na bahari pia ni wagonjwa wawili tofauti kabisa, hata kama yametoka kiwandani siku moja.

Sasa mlete yule mwenye trekta. Ringi za chuma zimeshikana na ukuta wa silinda kwa kutu, na pistoni yenyewe ni aluminiamu. Trekta inavuta, magurudumu yanalazimisha giaboksi, giaboksi inalazimisha krenki, ule mhimili ulioshikana na pistoni, krenki inalazimisha pistoni. Kitu fulani lazima kikubali, na mara nyingi ni ule ukingo mwembamba wa aluminiamu unaoishika ringi. Unavunjika kimya kimya. Au valvu imeganda kwenye njia yake: kamshafti inasukuma pushirodi, kile kijiti cha chuma cha kufungulia valvu, valvu haitaki, pushirodi inapinda. Stata ikikutana na ukinzani wa namna hiyo hugoma, na kugoma kwake ni msaada mkubwa. Trekta haigomi. Na kibaya zaidi, wakati mwingine injini inawaka kweli! Wote wanashangilia, video inarushwa, halafu baada ya wiki mbili gari linakula oili na kutoa moshi wa buluu, na lawama anapewa fundi aliyeligusa mwisho.

Kwa hiyo stata, betri na trekta viweke mbali. Fungua kichujio cha hewa utoe kiota cha panya, kwa sababu kipo. Chungulia na bomba la ekzosi, nyigu wa udongo wanalipenda sana. Kisha plagi. Za 404 zimezama ndani ya mashimo marefu juu ya silinda, na mashimo hayo yamekusanya vumbi, mchanga na vipande vya kutu. Puliza kwa kompresa kabla hujalegeza hata moja, la sivyo uchafu wote huo unaushusha juu ya pistoni kwa mkono wako mwenyewe. Nimeona watu makini kabisa wakiruka hatua hii kwa sababu ya haraka tu.

Plagi zikitoka, mwaga kilainishi ndani ya kila silinda. Mimi hutumia nusu mafuta ya gia otomatiki na nusu asetoni, ukikoroga kila mara kwa sababu havikai pamoja. Wengine wanaapa kwa dizeli, wengine kwa mafuta ya taa. Nikisema ukweli, sina hakika kwamba kinachofanya kazi ni mchanganyiko na si muda wenyewe. Injini zilizokataa kabisa siku ya kwanza zimeachia baada ya wiki kadhaa, na sijui mtu aliyeweka mbili zinazofanana sawasawa, moja kwa asetoni na moja kwa dizeli, akalinganisha. Chagua chako, ila kipe siku, si saa.

Kuna jambo moja la 404 ambalo karibu kila mtu hulisahau. Injini yake imelazwa ubavuni kwa nyuzi 45. Ukimwaga kilainishi kama unavyomwaga kwenye injini iliyosimama wima, kinakusanyika upande wa chini wa pistoni, na upande wa juu unabaki mkavu na kutu yake. Ndiyo maana watu hulowesha mwezi mzima kisha wanalalamika kwamba dawa haifanyi kazi. Chukua bomba la sindano, lifunge mpira mwembamba mrefu, uelekeze ncha upande wa juu wa silinda, puliza, rudia kesho na keshokutwa. Silinda yenye valvu ya ekzosi iliyo wazi itakuwa inavujisha, hiyo iongezee mara kwa mara.

Baada ya hapo weka gia ya nne, plagi zikiwa nje bado, usukume gari kwa mikono, mbele kidogo, nyuma kidogo. Watu wawili wanatosha. Nguvu ya mikono ina faida moja kubwa: unahisi. Ikisogea upana wa kidole, simama, mwaga tena kilainishi, kalale. Siku krenki itakapozunguka mzunguko mzima, fungua kifuniko cha juu cha valvu, msaidizi azungushe taratibu kwa hendeli, wewe uangalie kila valvu ikishuka na kurudi. Ile inayoshuka na kubaki chini umeipata kabla haijapinda pushirodi.

Sampu, lile karai la oili chini ya injini, nayo ina siri yake. Usiifungue nati ya kumwaga oili kwa pupa. Ilegeze taratibu, hadi tone la kwanza tu litoke, na ulitazame. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo kama yamo yatatangulia kutoka, meupe au ya rangi ya kutu, kabla oili haijafika. Matone machache ni unyevu wa miaka. Kikombe kizima ni habari nyingine, nitairudia chini.

Oili mpya, kichujio kipya, kisha piga stata plagi zikiwa nje hadi presha ya oili ipande. Umeme ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: msasa laini kwenye pointi za distributa, kondensa mpya, nyaya mpya kama panya wamezionja. Petroli ya zamani, ile yenye harufu ya vanishi, usiitumie hata kwa dakika moja, na tangi la gari lisahau kwa sasa. Chukua dumu dogo safi, lipeleke moja kwa moja kwenye pampu ya mafuta, kwa sababu kutu ya tangi ikiingia kwenye kabureta utazibua jeti hadi uchoke. Na tafadhali, acheni kuniuliza kuhusu risasi, ile iliyotiwa kwenye petroli zamani na kulinda viti vya valvu. Ni kweli petroli yenye risasi iliondoka kwenye vituo vyetu kufikia mwanzo wa 2006, lakini kichwa cha injini ya 404 ni cha aluminiamu na viti vyake vya valvu ni vya chuma kigumu vilivyopachikwa. Kwa gari la kutembelea Jumapili si jambo la kukukosesha usingizi.

Breki ndizo zinazonikosesha mimi usingizi. Hakuna anayepiga simu kuuliza breki! Wote wanauliza injini. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na baada ya miaka mingi kilichomo kwenye silinda za magurudumu ni tope la kahawia na pistoni zilizoganda. Kuna hitilafu moja ya hila zaidi: mipira ya breki, ile inayounganisha bomba la chuma na gurudumu, huvimba kwa ndani wakati nje inaonekana nzima. Ukikanyaga, presha inapita. Ukiachia, hairudi. Gurudumu linabaki limebanwa, ngoma inachemka, na dereva anadhani injini haina nguvu. Badilisha yote bila kubishana. Na asiwepo mtu wa kukuongezea oili ya injini kwenye chupa ya breki "kwa muda tu", kwa sababu sili zote za mpira zitavimba na utaanza upya.

Matairi: tafuta tarakimu za tarehe ubavuni. Zikiwa nne, ni wiki na mwaka. Zikiwa tatu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya 2000, na uzuri wa kashata zake haunihusu. Litoe.

Difu ya 404 nayo ina tabia yake: ndani kuna skurubu ya chuma inayoendesha gurudumu la meno la shaba. Viungo vya salfa vilivyomo kwenye mafuta mengi ya difu za malori vinaweza kuila shaba hiyo. Uliza muuzaji mafuta yanayofaa shaba. Akikushangaa, nenda duka lingine.

Sasa ile habari ya kikombe cha maji kwenye sampu. Laina za 404, yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimezungukwa na maji moja kwa moja, na kinachozuia maji yasishuke kwenye oili ni sili zilizo chini ya kila laina. Magari mengi huku kwetu yalijazwa maji ya bomba tu, bila dawa ya rejeta, kisha yakakauka yakiwa yamelala. Sili zinakuwa ngumu. Mafundi ninaowaheshimu husema injini yoyote iliyolala zaidi ya miaka ishirini itolewe, laina zote zing'olewe, sili mpya ziwekwe, ndipo uiwashe. Wana hoja nzuri. Lakini kazi hiyo ni ghali, na nimeona sili za zamani zikiendelea kushika bila tatizo baada ya gari kurudi barabarani, hivyo sioni haki kumtoza kila mtu kazi ambayo pengine haihitaji. Ninachofanya ni kujaza maji, kuisukuma rejeta kwa pampu ya mkono hadi presha inayoandikwa kwenye kifuniko chake, na kuiacha usiku kucha. Asubuhi narudi kwenye ile nati ya sampu, nailegeza tena. Ikitoa oili tupu, tunaendelea. Ikitoa maji kwanza, injini inashuka, na hapo sisikilizi maombi ya mtu yeyote.