Detekta ya dhahabu kwa anayeanza: yanayosemwa Ruangwa na Nachingwea, na ukweli wake

Kila pesa ya korosho inapoingia, utakuta vijana wa Masasi, Nachingwea na Ruangwa wanapiga hesabu za kununua detekta, mashine ya kutafutia metali ardhini. Wengine huchangishana watu wanne watano kwa mashine moja. Siwakatishi tamaa, dhahabu ipo, na wachimbaji wa Namungo kule Ruangwa ni mashahidi. Kinachoniuma ni fedha ya msimu mzima kuishia kwenye chombo kisichofaa kwa sababu ya maneno ya kijiweni.

"Kuna kipimo cha antena kinachoonyesha dhahabu iliyo kilomita moja mbali"

Hakipo. Hili naliweka mbele kwa sababu ndilo linalofilisi watu. Detekta ya kweli ina koili, ile sahani ya chini. Koili hupeleka nguvu ya sumaku inayobadilikabadilika ardhini. Metali iliyo karibu huzalisha mkondo mdogo wa umeme, na mashine hunasa mwitikio wake. Nguvu hiyo hufifia upesi sana kadiri unavyokwenda mbali, ndiyo maana kazi yake huhesabiwa kwa sentimita. Fimbo zinazozunguka juu ya mpini hazipimi chochote, zinafuata tu mkono wa aliyezishika unavyoinama.

Utapeli huu ni wa dunia nzima. Mwaka 2013 mahakama ya Uingereza ilimfunga James McCormick miaka 10 kwa kuuza vifaa vya antena vya ADE 651 kama vipimo vya mabomu, na Iraq ilikuwa miongoni mwa wanunuzi. Asili ya vifaa hivyo ilikuwa kidude cha kutafutia mipira ya gofu. Ukiletewa kipimo cha antena kisicho na koili, hata kama kina skrini ya rangi na sanduku la kufuli, usimpe muuzaji hata nauli.

"Hii inafika mita tatu"

Kwa pipa lililofukiwa, pengine. Kwa punje ya dhahabu, hapana. Punje ndogo kama mchele husikika sentimita chache tu chini ya koili, na hata pande la gramu moja au mbili, kwa mashine nzuri na udongo mtulivu, hutafutwa ndani ya kina cha shubiri moja hivi. Koili kubwa huzama zaidi kwa mapande makubwa lakini hupoteza punje ndogo, kwa hiyo anayeanza aanze na koili ndogo.

"Nunua iliyo ghali, utapata tu"

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kabla ya bei, uliza dhahabu ya eneo lako ikoje. Kama mwamba wenu hutoa vumbi linaloonekana baada ya kupita kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, na kuoshwa kwenye karai, detekta haitalisikia, hata iwe ya bei ya nyumba. Mashine hizi husikia kipande kizima, punje au jiwe lenye dhahabu iliyoshikana. Kwa hiyo kifaa cha kwanza ni karai na koleo. Osha mchanga wa mabonde na vijito vya eneo lako. Ukiona punje unayoweza kuishika kwa vidole, ndipo uwaze detekta.

Jambo la pili ni udongo. Mashine ambazo boksi lake limeandikwa VLF hutuma wimbi mfululizo. Zile za sarafu na vyuma vya kawaida nyingi hufanya kazi kwenye masafa ya chini, yaani mitetemo michache ya wimbi kwa sekunde, lakini punje ndogo za dhahabu huhitaji masafa ya juu: Gold Monster 1000 ya Minelab hutumia kilohezi 45 (mitetemo 45,000 kwa sekunde), na Gold Bug 2 ya Fisher kilohezi 71. Ni nyepesi, hazina bei ya kutisha, na kwa udongo wa wastani ndizo ningemshauri anayeanza.

Shida yake ni udongo wenye chuma kingi. Pitisha sumaku ya spika kuukuu juu ya mchanga mkavu na kokoto nyekundu za eneo lako. Ikirudi imevaa manyoya meusi, VLF itapiga kelele za uongo hata ukiirekebisha ipuuze udongo wa hapo. Huko mashine za PI, zinazotuma mapigo, hufanya vizuri na huzama zaidi. Lakini ni ghali mno, na nyingi hazitofautishi vizuri msumari na dhahabu, hivyo utachimba kila mlio. Jueni pia kwamba GPX 5000, mashine ya PI ya Minelab, za bandia zimezagaa Afrika. Minelab wenyewe wametahadharisha kuhusu bidhaa zao za kughushi.

"Ardhi nyekundu ni dalili ya dhahabu"

Ingekuwa hivyo, Newala yote ingekuwa mgodi. Uwanda wa Makonde ni wa miamba ya mashapo. Dhahabu yetu hutoka kwenye miamba ya kale zaidi, huko bara upande wa Ruangwa na Nachingwea.

"Ikilia, ni dhahabu"

Mara nyingi ni msumari, kizibo cha soda au kipande cha kopo. Karatasi ya alumini na dhahabu ndogo hulia karibu sawa, kwa hiyo ukiiambia mashine ipuuze takataka zote, itapuuza na punje zako. Eneo la Mahiwa, mkoani Lindi, palipiganwa vita vikali Oktoba 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na mabaki ya risasi yanaweza kulia vizuri sana. Ukikuta kitu kinachofanana na bomu, usikiguse. Weka alama, ondoka, toa taarifa polisi.

"Kupima tu hakuhitaji leseni"

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 hairuhusu kutafuta wala kuchimba bila leseni. Leseni ya uchimbaji mdogo ni ya Watanzania pekee, hudumu miaka 7, na hutolewa na Tume ya Madini. Usipokuwa nayo, fanya kazi kwenye eneo la mwenye leseni kwa kibali chake cha maandishi. Na wanaonong'ona kuhusu hazina za Kilwa waache: Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981, na kuchimba magofu bila kibali ni kosa la jinai.

"Muuzaji ameijaribu mbele yangu kwa pete"

Pete ni duara kamili, hulia kwa nguvu kuliko punje ya uzito uleule. Jaribu kwa chubwi, kile kipande cha madini ya risasi ambacho wavuvi huzamishia mshipi. Kwenye detekta hulia karibu na dhahabu. Kata kipande kama punje ya hindi na kingine kama mchele, vifukie sentimita 5, 10 na 15 kwenye udongo wa eneo lako mwenyewe, tena bila muuzaji kuona ulipofukia, kisha mpe mashine atafute. Fedha itoke mfukoni baada ya hapo.