Lugha nyingi darasani hazishushi elimu

Wazazi wengi huamini kwamba shule ya msingi ya mjini yenye watoto wa mataifa na lugha mbalimbali lazima iwe dhaifu, eti mwalimu atashinda akiwasubiri wasiojua lugha. London inaonyesha kinyume. Tower Hamlets, eneo la mashariki lenye umaskini mwingi na familia nyingi zenye asili ya Bangladesh, lilishika mkia kielimu kati ya maeneo yote ya Uingereza mwaka 1997. Leo matokeo ya shule zake za msingi yako juu ya wastani wa nchi, na mchanganyiko ule ule upo. Kilichobadilika ni usimamizi: walimu wazuri walitafutwa, wakaendelezwa, na kila mtoto akafuatiliwa kwa karibu. Mtoto wa lugha mbili, akishamudu Kiingereza, mara nyingi huwapita wenzake. Basi ukikagua shule, uliza walimu wake hudumu miaka mingapi.