Kwa nini Kimondo cha Mbozi hakikuchimba kreta?

Wageni wengi wanaofika kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, mkoani Songwe, Tanzania, husimama ukingoni mwa shimo linalozunguka Kimondo cha Mbozi na kuamini kwamba shimo hilo lilichimbwa na kimondo chenyewe siku kilipoanguka. Sivyo. Mwaka 1930, mpima ardhi W. H. Nott alipokitambulisha kwa wanasayansi, sehemu ya juu tu ndiyo iliyoonekana, na kwingine kote kilifunikwa na udongo. Watu ndio waliochimba pembeni, wakabakiza nguzo ya udongo chini yake, na nguzo hiyo ikaja kuimarishwa kwa zege. Shimo la leo ni kazi ya mikono ya binadamu.

Kwa kweli hilo linaongeza ajabu yake. Hili ni pande la chuma lenye urefu wa takribani mita 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 12, ingawa wengine hutaja 16. Huko Arizona, Marekani, kimondo cha chuma kiliacha kreta, yaani shimo kubwa la mviringo, yenye upana wa zaidi ya kilomita moja. Cha Mbozi kiliwezaje kutua kwa upole kiasi hicho?

Kilichokipunguza kasi ni hewa. Kimondo huingia katika angahewa kwa mwendo usiopungua kilomita 11 kwa sekunde, hivyo hewa iliyo mbele yake haipati muda wa kupisha, bali hubanwa. Anayejaza upepo tairi la baiskeli huona mambo mawili: pampu hupata joto, na kadiri hewa inavyobanwa ndivyo mpini unavyokuwa mgumu kusukuma. Kimondo hukutana na yote mawili kwa ukali mkubwa mno. Joto la hewa iliyobanwa, zaidi ya msuguano ambao hutajwa sana, huyeyusha uso wake na kuupeperusha, huku ugumu ule ukikizuia kusonga. Kwa kuwa hayo hudumu kwa sekunde chache tu, chuma cha ndani hubaki baridi. Dhana kwamba kimondo hutua kikiwa kaa la moto mpaka moyoni haina msingi.

Ukubwa ndio unaoamua. Kile cha Arizona, kinachokadiriwa kuwa na kipenyo cha mita 50 hivi, kilikuwa kizito kiasi kwamba hewa haikukiweza. Kiligonga ardhi kwa kasi ya kilomita kadhaa kwa sekunde, na nishati yake ikageuka mlipuko. Kreta za aina hiyo hutokana na mlipuko, si na uzito wa kitu kilichoanguka. Cha Mbozi, yaelekea, kilifika chini kwa mwendo wa mita mia kadhaa tu kwa sekunde, hasa kama kiliingia katika angahewa kwa mshazari na hivyo kupita hewani kwa njia ndefu zaidi. Na mwendo ukipungua mara 30, nishati hupungua mara 30 kwa 30, yaani mara 900. Pigo la namna hiyo huacha shimo la kawaida, ambalo mvua na udongo hulifukia kadiri miaka inavyopita.

Kilichokinusuru kisipasukie angani ni chuma chenyewe, takribani asilimia 90, kilichochanganyika na nikeli. Kwenye ncha yake moja bado panaonekana alama ya msumeno, palipokatwa kipande cha uchunguzi kwa kazi ya saa nyingi. Kimondo cha Hoba nchini Namibia, chenye takribani tani 60, nacho ni cha chuma na nikeli, na pale kilipolala hakuna kreta inayoonekana.