Kinga ya mwanadiplomasia huishia nyumbani kwake

Swali ninaloulizwa zaidi ninapofundisha diplomasia ni hili: serikali ikimnasa jasusi wa nchi nyingine, mbona mara nyingi humpandisha ndege arudi kwao badala ya kumfikisha mahakamani? Jibu liko kwenye cheo alichokuja nacho. Afisa wa ujasusi anayetumwa kama katibu wa pili au mshauri wa ubalozi huingia katika orodha ya wanadiplomasia, na ibara ya 29 ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu mahusiano ya kidiplomasia inakataza kumkamata wala kumweka kizuizini. Nchi mwenyeji hubaki na ibara ya 9: kumtangaza mtu asiyetakiwa, bila kulazimika kueleza sababu. Mwenzake anayejifanya mfanyabiashara hana ngao hiyo. Akinaswa, ni jela.

Wananchi wengi hukasirikia kinga hii, nami nawaelewa. Lakini haikuwekwa kwa ajili ya majasusi. Iliwekwa ili serikali zizungumze hata zinapogombana, na mabalozi wetu pia huishi kwayo wakiwa ugenini.

Lisiloelezwa vya kutosha ni kwamba kinga hiyo haimlindi mtu dhidi ya serikali yake mwenyewe. Oleg Gordievsky, afisa wa KGB, shirika la ujasusi la Umoja wa Kisovieti, alipelekwa Copenhagen mwaka 1966 kama afisa wa ubalozi wa Kisovieti. Uvamizi wa Kisovieti nchini Chekoslovakia mwaka 1968 ulimkata moyo, na kufikia mwaka 1974 alikuwa akiwafanyia kazi Waingereza kwa siri. Mwaka 1982 akahamishiwa London. Hapo Uingereza ikaitumia ibara ya 9 kumsafishia njia: bosi wake Igor Titov alifukuzwa mwaka 1983, na mwaka uliofuata akafuata Arkady Guk, mkuu wa kituo cha KGB. Mapema mwaka 1985 Gordievsky akateuliwa kukiongoza kituo hicho.

Mei akaitwa Moscow. Akanyweshwa kinywaji chenye dawa, akahojiwa, kisha akaachwa huku akifuatiliwa. Kule hakuwa mwanadiplomasia. Alikuwa raia anayeshukiwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ilikuwa kifo.

Siku moja jioni akasimama barabarani na mfuko wa plastiki wa Safeway, maduka ya Uingereza, mkononi: ishara ya kuomba atoroshwe, iliyopangwa miaka mingi kabla. Mwingereza mmoja akapita karibu yake akitafuna chokoleti ya Mars: ujumbe umefika. Tarehe 20 Julai maafisa wawili wa ubalozi wa Uingereza, pamoja na wake zao na mtoto mchanga, walivuka mpaka kuingia Finland, Gordievsky akiwa amejikunja ndani ya buti la gari. Mbwa wa kunusa waliposogea, mama mmoja alimlaza mtoto juu ya buti na kumbadilisha nepi ili harufu iwapoteze. Magari yalikuwa ya kidiplomasia, na askari hawakuyapekua. Ngao ambayo Gordievsky hakuwa nayo tena katika nchi yake aliazimwa na wageni.

Septemba hiyo London iliwafukuza Wasovieti 31, na Moscow ikawafukuza Waingereza idadi ileile. Gordievsky alihukumiwa kifo bila kuwepo mahakamani. Mkewe na binti zake wawili walibaki nyuma, na hawakuruhusiwa kumfuata hadi mwaka 1991.