Sampu si pampu jamani

Wiki hii ni mara ya tatu mtu anayefuga samaki nyumbani ananiuliza "ninunue sampu ya wati ngapi?" Sampu haina wati. Naandika hapa kwa sababu watu wanatoboa kuta za nyumba zao kupitisha mabomba huku neno lenyewe hawajalielewa, halafu maji yakimwagika wanailaumu pampu.

Kifupi: sampu ni chombo kinachokaa chini kabisa kwenye mfumo wa maji, pale maji yanaposhukia na kukusanyika kabla hayajapandishwa tena. Kwa wafuga samaki ni tangi la pili lisiloonekana, humo ndo unaweka hita, sponji za kuchujia na pampu. Wengi wanaliweka kabatini chini ya akwariamu, ila huku Marekani, majimbo kama Ohio na Minnesota, nyumba nyingi zina bezimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi, kwa hiyo mtu anapitisha mabomba ndani ya ukuta mpaka huko chini na sebule inabaki kimya.

Sasa neno. Sump kwa Kiingereza cha zamani ilikuwa kinamasi tu, ile ardhi ya tope ambako maji yametuama, na Wajerumani mpaka leo kinamasi wanakiita Sumpf. Wachimba migodi wakalichukua, likawa jina la shimo la chini kabisa la mgodi ambako maji yote yanatiririkia, na ukishakuwa na shimo kama hilo ndo unaweka pampu ya kuyatoa. Baadaye likaingia kwenye injini, na hapo sote tunalijua, fundi wa gereji akikwambia sampu inavuja (wengine wanasema sampo) anamaanisha lile karai la chini ya injini linaloshika oili. Hebu mwangalie akimwaga oili: karai halisukumi kitu, limekaa tu chini linapokea, oili pampu ni kitu kingine kabisa. Kinamasi, shimo la mgodi, karai la oili, kote maana ni ileile, mahali pa chini panapopokea.

Mkanganyiko naona unaanzia bezimenti zenyewe. Nyingi zina shimo sakafuni la kukusanya maji ya ardhini yasijae ndani, na ndani ya shimo kuna mashine ambayo Wamarekani wanaiita sump pump, yaani pampu ya sampu. Sisi tukisikia sampu, pampu, maneno yanafanana mdomoni, tunayachukua kama kitu kimoja. Na huwezi kulaumu mtu kwa hilo.

Lakini linaumiza. Jamaa yangu wa Ohio anafuga frontosa, wale wa mistari saba wa Kigoma kwetu, samaki wazuri wanaotembea taratibu kama wazee. Aliambiwa "weka sampu kubwa", akanunua pampu kubwa, tangi la chini akaacha dogo na akalijaza karibu na ukingo. Umeme ukakatika usiku. Akwariamu yake ni sentimita 120 kwa 60, kwa hiyo kila sentimita moja ya maji ni lita 7 na ushee, na mdomo wa bomba la kurudisha maji juu alikuwa ameuzamisha sentimita 5. Pampu ikisimama maji yanarudi kinyume kwenye bomba lilelile mpaka mdomo uvute hewa, basi hapo lita 36 zimeshuka bezimenti, bado yale yaliyokuwa ndani ya mabomba ukutani. Asubuhi zulia lilikuwa linabonyea maji. Nililigusa mwenyewe, na samaki juu wala hawakuwa na habari.

Maji hayashuki kwa sababu pampu inayavuta, yanashuka kwa uzito wake tu, yakifurika kwenye kisanduku cha pembeni ya akwariamu. Pampu kazi yake moja, kupandisha. Kwa hiyo pampu kubwa haisaidii bomba la kushukia lililo jembamba, inalizidi tu na sebule inalowa. Na ile lita 6,000 kwa saa iliyoandikwa kwenye boksi ni pale ambapo pampu hainyanyui maji kwenda juu hata kidogo, ukiiambia ipandishe mita 3 kutoka bezimenti mpaka sebuleni inapungua sana, na kuna nyingine kwa kimo hicho hazitoi hata tone. Ukutani nako usifiche kiungo cha kukazwa na kufunguliwa nyuma ya jipsam, viungo vya gundi tu, maana siku kikianza kudondosha hutakiona mpaka rangi ivimbe.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeuliza juzi, swali lako ni zuri ila ligawe mara mbili. Pampu uliza inapandisha lita ngapi kwa kimo cha nyumba yako, na wati ukipenda, maana bili utalipa wewe. Sampu uliza ina lita ngapi, na kati ya hizo ngapi zinabaki tupu kungoja umeme ukatike. Kabla hujafunga ukuta zima pampu kwa mkono, acha maji yashuke mpaka yatulie, ubandike tepu kwenye kioo cha sampu pale yalipofika.