Bwawa limekauka nusu na samaki hawagusi ndoano: dhana potofu na ukweli wake

Kiangazi kikikolea stori ni ileile, maji yameshuka mpaka tope la pembeni limepasuka, watu wamekaa na mishipi tangu asubuhi, boya limetulia tu, na kila mtu ana sababu yake. Nyingi ya hizo sababu sio kweli.

Ya kwanza ni "samaki wameisha". Ni kweli ndege kama korongo na mnandi wanafaidi sana maji yakiwa mafupi, ila mara nyingi samaki bado wapo, wamebanana kwenye kale kashimo kenye kina kilichobaki. Unaweza kuwa umetupa ndoano katikati ya kundi zima na usipate hata mdonoo mmoja.

Alafu anakuja mwingine anasema basi kama wamebanana lazima wana njaa, kuvua kutakuwa rahisi. Hapana bana. Vidagaa na wadudu nao wamebanana humohumo, kwahiyo samaki mla wenzake anashiba bila kuhangaika. Na hata asiposhiba kuna kitu kinamsumbua kuliko njaa, nacho ni hewa.

Hapa ndo penyewe. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, yakifika nyuzi 30 yanabeba kama 7 na nusu tu, na hapo nazungumzia maji masafi, sio bwawa lenye majani yanayooza chini. Sasa samaki hana joto lake mwenyewe, maji yakipata moto na mwili wake unapata moto, anahitaji oksijeni nyingi zaidi wakati huohuo iliyopo imepungua. Na kusaga chakula nako kunakula oksijeni. Yani samaki akijaza tumbo kwenye maji ya hivyo anajitafutia matatizo, ndo maana anatulia chini, hakimbizi kitu. Unaweza kubadilisha chambo mara kumi, minyoo, unga, panzi, haisaidii maana tatizo haliko kwenye chambo.

Kuna hii ya "alfajiri ndo muda mzuri" ambayo kwenye bwawa lenye maji mengi siipingi. Ila bwawa dogo lililojaa mwani wa kijani ni tofauti kabisa, mwani unatoa oksijeni mchana jua likiwaka, usiku unaanza kuivuta kama viumbe wengine, kwahiyo kabla jua halijachomoza ndo oksijeni iko chini kuliko saa zote. Afadhali usubiri asubuhi ichangamke kidogo.

Ukifika mapema angalia juu ya maji. Ukiona midomo imejipanga usawa wa maji, inafunguka na kufunga, mkia umening'inia chini, watu watakwambia samaki wanakula wadudu. Samaki anayekula mdudu anapiga maji mara moja anazama, huyu anayebaki juu anatafuta pumzi, na hapo hata umtupie chambo puani hana habari. Kambare yeye ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, anapanda anagugumia mara moja anarudi zake chini, kwahiyo akibaki yeye peke yake anayekula usishangae.

Kumwaga unga mwingi ili kuwaita? Usiguse hiyo. Usipoliwa unaoza, na kuoza kunamaliza ileile oksijeni kidogo iliyobaki.

Na wanaosubiri mvua ya kwanza wakidhani samaki watafufuka siku hiyohiyo, wakati mwingine inakuwa kinyume. Mvua kubwa ya ghafla inapoza maji ya juu, yanazama, yale ya chini yasiyo na hewa yanapanda, juu yake unaongeza uchafu uliosombwa na maji kutoka pembeni, na kesho yake unakuta samaki wanaelea tumbo juu.

Cha mwisho ni kelele, ambacho watu wanakicheka lakini ni kweli. Kwenye maji ya magotini samaki anahisi mtikisiko wa miguu yako ukingoni na anaona kivuli chako, kwahiyo kaa mbali kidogo, chuchumaa, tupa ndoano taratibu. Na ukiwaona wanahema juu kunja mshipi tu, kwasababu hata ukibahatika kumnasa mmoja ukamrudisha majini, amechoka kiasi kwamba anaweza asipone.